Farasi aliyejua hesabu: uzi wa namna wanasaikolojia wanavyofanya utafiti (na wanavyojidanganya)

MzeeWaDodoso
Wakuu habari za muda huu. Juzi kuna jamaa humu kaandika "wanasaikolojia wamethibitisha" halafu kashusha mambo ya ajabu, nikamuuliza wamethibitishaje, mpaka leo kimya. Nikasema basi ngoja nifungue uzi wangu. Mimi sio profesa, nilisoma saikolojia halafu nikaangukia kwenye kazi ya kukusanya data, nimezunguka na madodoso mpaka soli zimelika, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, msianze kunitafutia mkato na nukta.

Naanza na farasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Berlin kulikuwa na farasi anaitwa Hans, mwenyewe alikuwa mwalimu wa hesabu, Wilhelm von Osten. Unamuuliza Hans saba jumlisha tano, anagonga kwato mara kumi na mbili anaacha. Watu walifurika kumuona. Mwaka 1904 ikaundwa kamati ya wataalamu, wakakagua, wakasema hapa hakuna ujanja wowote. Na kweli mzee wa watu hakuwa tapeli, aliamini kabisa farasi wake anajua hesabu, na hapo ndipo utamu ulipo.

Akaja Oskar Pfungst akafanya kitu kidogo tu. Akapanga anayemuuliza farasi naye asijue jibu. Hans akapotea kabisa, anagonga hovyo. Akamziba macho asimuone muulizaji, hovyo tena. Kumbe kwato zikifika kwenye jibu sahihi muulizaji anainua kichwa kidogo sana, hata yeye mwenyewe hajui kama kakiinua, farasi anaona, anaacha kugonga. Hadithi yote ikatoka 1907. Na Pfungst mwenyewe hata baada ya kuijua siri alikuwa bado anamtolea farasi ishara bila kutaka.

Sasa kwa nini naanza na farasi wakati mada ni watu? Kwa sababu ukipima meza, meza haijui kama inapimwa. Mtu anajua. Anakuangalia usoni, anakisia unataka nini, anakupa hichohicho. Na wewe mwenye utafiti una jibu lako unalolitamani, unainua kichwa bila kujua. Mbinu karibu zote nitakazozitaja humu ukizichambua ni namna tofauti za kumziba farasi macho.

Naendelea baadae kidogo, nakula.

KambiRasmi
Siti ya mbele kabisa, mkuu shusha vitu

Mgema_Msomi
Nimekaa. Ila mkuu usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu miaka mitatu

BintiWaMaktaba
Huyo farasi nilishamsikia ila sikujua kama kamati ilimpitisha kwanza, daah. Swali: kabla ya hapo hawa watu walikuwa wanafanyaje utafiti? Maana akili huioni, huigusi.

MzeeWaDodoso
Nimerudi. @BintiWaMaktaba swali zuri, na jibu linachekesha kidogo: walikuwa wanaulizana. Wilhelm Wundt alifungua maabara yake Leipzig 1879, ndiyo huwa inahesabiwa kama mwanzo wa saikolojia ya maabara, na moja ya kazi mle ilikuwa mtu aliyefundishwa vizuri anasikilizishwa mlio au anaonyeshwa mwanga halafu anaeleza kilichotokea kichwani mwake. Shida yake unaiona hata bila kusoma. Maabara yangu ikisema hivi na yako ikisema vile, nani anaamua? Hakuna anayeweza kuingia kichwani mwa mwenzake kukagua.

Ndiyo maana mimi namheshimu sana Hermann Ebbinghaus. Huyu alitaka kupima kusahau. Hakuwa na maabara wala washiriki, alikuwa na nafsi yake tu. Akatengeneza silabi kama 2,300 zisizo na maana yoyote, makusudi, ili neno lisimkumbushe kitu, akawa anakariri orodha mpaka anaitamka bila kukosea. Na hapa sikilizeni vizuri. Baadae hakujiuliza "je nakumbuka?" kwa sababu alijua hilo swali litamdanganya. Aliikariri upya orodha ileile, akapima safari hii ametumia muda mfupi kiasi gani kuliko mara ya kwanza. Hata kama anahisi amesahau yote, muda aliookoa unasema kuna kitu kilibaki. Baada ya dakika 20 hivi aliokoa asilimia 58, baada ya siku moja asilimia 34, baada ya siku 31 bado asilimia 21. Kitabu kikatoka 1885, na mwaka 2015 kuna watu wamelirudia zoezi lake na mchoro ukatoka karibu vilevile.

Yaani mtu na saa yake tu.

KichwaNgumu
Mtu MMOJA? Mkuu mimi nilipeleka dodoso la watu 60 likarudishwa limechorwa wino mwekundu "sampuli ndogo". Huyu anapima nafsi yake anaingia kwenye historia. Dunia haina usawa kabisa

MzeeWaDodoso
😂😂 Pole kaka. Lakini inategemea unauliza nini. Ukitaka kujua watu wangapi wana wasiwasi wa mitihani, 60 wa darasa moja ni wachache kweli. Ukitaka kuvunja dai, mtu mmoja anatosha.

Mfano Henry Molaison, vitabu vilimuita H.M. mpaka alipofariki 2008. Mwaka 1953 akiwa na miaka 27 alipasuliwa ubongo kutibu kifafa, wakaondoa sehemu za ndani upande wa kulia na kushoto. Kifafa kikapungua ila hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya, unaongea naye, unatoka nje, ukirudi hakujui. Brenda Milner akampa zoezi la kuchora nyota huku anaangalia mkono wake kwenye kioo tu. Jaribuni nyumbani mtaona ilivyo kazi, mkono unaenda kinyume na unavyotaka. Basi siku ya kwanza anakosea, ya pili afadhali, ya tatu anachora safi. Na kila siku anasema hajawahi kuliona hilo zoezi.

Hapo dai kwamba kumbukumbu ni kitu kimoja limekufa, mkono unakumbuka na mwenye mkono hana habari. Hiyo ndiyo nguvu ya kumchunguza mtu mmoja kwa undani, uchunguzi kifani. Udhaifu wake ni kwamba hawezi kukwambia watu wengi wakoje, na ajali au upasuaji haujirudii sawasawa kwa mtu mwingine.

DaktariWaMitishamba
Mimi naona njia bora ni kuangalia tu. Kaa kimya angalia watu wanafanya nini, achana na maswali, watu waongo sana

MzeeWaDodoso
@DaktariWaMitishamba una hoja, na kuna mtu alifanya hivyo kwa uzuri sana. Mary Ainsworth, mwaka 1954 alikuja Uganda, akawa anatembelea familia 26 zenye watoto wachanga kwenye vijiji karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi mpaka tisa, ana mkalimani, anakaa sebuleni kwao anaangalia mtoto anamfuata nani, analia lini, ananyamazishwa na nani. Baadae Baltimore Marekani ndio akatengeneza lile zoezi maarufu la kama dakika 20, mama anatoka chumbani anarudi, mgeni anaingia. Wengi wanafikiri linapima mtoto kulia mama akitoka. Hapana, macho yao yapo kwenye kile mtoto anachofanya mama AKIRUDI. Asingejua pa kuangalia kama asingekaa kwanza kwenye majumba ya watu.

Lakini kuangalia sio "kuangalia tu". Ngoja niwape la kwangu. Naanza kazi, tulitumwa kuhesabu ugomvi wa watoto wa chekechea wakicheza. Karatasi imegawanywa vipande vya sekunde 15, kila kipande ukiona ugomvi unaweka alama. Tuko wawili, pembe mbili tofauti za uwanja, tunamwangalia mtoto mmoja mwenye sweta la kijani. Nusu saa imeisha tukalinganisha, mimi nina alama 19 mwenzangu 7. Mtoto yuleyule, dakika zilezile! Tukaanza kubishana wenyewe, nusura tuhesabiwe sisi. Kumbe mimi nilikuwa nahesabu kila kusukumana, dada wa watu alikuwa anaangalia sura, kama wanacheka haweki. Ikabidi turudi mezani kuandika ugomvi ni nini: mkono umemgusa mwenzake kwa nguvu NA mwenzake akalia, akakunja uso au akaondoka. Sentensi moja hiyo imetuchukua siku mbili.

Na kuna mtego mwingine pale. Nusu saa ni vipande 120. Vingi vyake hamna ugomvi wowote, sote tumeacha tupu, kwa hiyo ukihesabu asilimia za kukubaliana unakuta ziko juu sana na mnapongezana bure. Ndiyo maana Jacob Cohen mwaka 1960 alileta kipimo kinachoondoa kwanza makubaliano ambayo mngeyapata kwa bahati tu. Yetu ilitoka aibu, sitaitaja hapa.

BintiWaMaktaba
"nusura tuhesabiwe sisi" 🤣🤣 nimecheka peke yangu mbele za watu

Mgema_Msomi
Vipi lile jaribio la gereza? Stanford. Kila semina ya uongozi lazima mtu alitaje

MzeeWaDodoso
Nilijua litakuja. 1971, mwanasaikolojia Philip Zimbardo, gereza la kuigiza pale chuo kikuu cha Stanford Marekani, vijana 24, wengine wanaigiza walinzi wengine wafungwa, ilikuwa iende wiki mbili ikasitishwa siku ya sita. Linasimuliwa kwamba ukimpa mtu wa kawaida rungu na sare anageuka mnyama mwenyewe bila kufundishwa. Sasa tumia jicho la farasi. Walinzi walikutanishwa kabla, wakaambiwa hali gani inatakiwa itengenezwe mle ndani, na baadae zikatoka kanda za sauti ambazo mlinzi mpole anahimizwa akaze zaidi. Na mtafiti mkuu ndiye alikuwa mkuu wa gereza! Hapo kichwa hakijainuliwa kidogo, kimepungwa kama bendera. Halafu hakukuwa na gereza la pili la kulinganisha. Kwangu mimi lile ni tukio la kusimulia, neno jaribio wamelibandika tu.

Wale semina wataendelea nalo, halina shida, chai inanywewa.

KichwaNgumu
Basi tupe jaribio la kweli likoje

MzeeWaDodoso
Napenda la Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974. Wanafunzi 45 wanaonyeshwa filamu fupi za ajali za magari, halafu wanaulizwa magari yalikuwa na kasi gani. Kila kitu sawa kasoro neno moja. Kuna walioulizwa yalikuwa na kasi gani "yalipogusana", wengine "yalipogongana", wengine "yalipopondana", na mengine ya katikati. Wa kupondana wastani wao maili 40 na kidogo kwa saa, wa kugusana kama 32. Filamu zilezile.

Wakaona mtu atasema aah hayo ni makisio tu, neno limemsukuma kwenye namba, kumbukumbu yenyewe haijaguswa. Wakarudi na watu 150, na safari hii baada ya wiki nzima wakauliza: uliona vioo vilivyovunjika? Vioo havikuwepo. Kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kupondana, 16 wakasema ndiyo tuliviona. Kwa neno la kugongana 7. Ambao hawakuulizwa kasi kabisa, 6. Mnaona walivyokwenda, hawakubishana na mpinzani, wamempangia chumba chake.

Na siri kubwa ya jaribio ambayo watu wanairuka: nani anaingia kundi gani inaamuliwa na bahati nasibu. Usiseme "wa mbele huku, wa nyuma kule", wa mbele ni wale wanaowahi na wana tabia zao. Rusha sarafu. Sarafu haijui nani mpole, nani alilala vibaya, nani baba yake fundi magari, inawagawa wote hao pande zote mbili bila wewe kuwa na habari hata ya kuwepo kwao. Hakuna mbinu nyingine inayokufanyia hiyo kazi, hakuna.

Mwaka_wa_Tatu
Samahani mwalimu naingilia. Mimi niko mwaka wa mwisho na mada yangu ni "Athari za matumizi ya simu usiku kwa usingizi wa wanafunzi". Natumia dodoso, wanafunzi 120. Nimesoma hapo juu nimeanza kuogopa 😭 dodoso langu litakuwa sawa kweli?

MzeeWaDodoso
Usiogope mdogo wangu na mimi sio mwalimu 😄. Ila hilo neno "athari" ndio litakuponza. Athari maana yake simu INASABABISHA. Wewe unawauliza mara moja tu, siku moja, unapata namba mbili kwa kila mtu: simu kiasi gani, usingizi kiasi gani. Ukikuta wenye simu sana wanalala kidogo, inaweza kuwa simu inakula usingizi. Inaweza kuwa mtu hana usingizi ndio maana kashika simu, atafanya nini gizani? Inaweza kuwa mtu ana mawazo yake, hayo mawazo yanamkosesha usingizi na yanampeleka kwenye simu, simu yenyewe haina kosa. Dodoso lako haliwezi kutofautisha hayo matatu hata ukiuliza watu elfu kumi. Badilisha iwe "uhusiano kati ya". Ukitaka ufike kwenye athari inabidi uwagawe kwa sarafu, nusu waweke simu chumba kingine kwa wiki mbili.

Halafu niandikie hapa maswali yako matatu ya kwanza.

Mwaka_wa_Tatu
1. Je, huwa unatumia simu kabla ya kulala? 
2. Kwa wastani unatumia simu masaa mangapi usiku? 
3. Je, unapata usingizi mzuri na wa kutosha?

MzeeWaDodoso
Namba 3 ni maswali mawili umeyafunga kamba moja. Mimi naweza kulala masaa tisa na bado nikaamka nimechoka, wa kutosha ndiyo, mzuri hapana, nitajibu nini? Tenganisha.

Namba 2 hamna mtu anajua. Hata mimi ukiniuliza nitakwambia "kama lisaa hivi" halafu simu yangu itacheka. Tafiti zilizolinganisha makisio ya watu na kumbukumbu ya simu zenyewe zinaonyesha haviendani vizuri. Simu nyingi siku hizi zinajiandikia zenyewe muda zilioshikwa, mwombe mtu afungue pale akusomee. Ni wazo lile la Ebbinghaus, usimuulize mtu anakumbuka nini, tafuta kitu kinachojihesabu.

Namba 1, "huwa" ni mara ngapi? Na kwenye ile skeli yako ya nakubali sana mpaka sikubali kabisa, ile aliyoileta Rensis Likert 1932, hakikisha baadhi ya sentensi umezigeuza. Niliwahi kupokea dodoso kijana katiki "nakubali sana" kutoka juu mpaka chini mstari umenyooka kama kapima na rula, sentensi ya 4 anakubali sana kwamba analala vizuri na ya 11 anakubali sana kwamba halali kabisa. Zile za kugeuza ndio zinamkamata.

DaktariWaMitishamba
Tena mwambie asitafsiri ya wazungu moja kwa moja

MzeeWaDodoso
Hilo nalo! Mtu anatafsiri dodoso la kupima hali ya akili, anaandika "Je, una mawazo mengi?" akidhani anauliza mtu ana fikra nyingi kichwani. Kwa Kiswahili "nina mawazo" maana yake nimesongwa. Umeuliza kitu kimoja umejibiwa kingine, na namba zitatoka nzuri tu, kompyuta haijui Kiswahili. Ndio maana kuna utaratibu wa mtu wa kwanza kutafsiri, wa pili ambaye hajauona mwanzo anairudisha kwenye lugha ya kwanza, halafu mnalinganisha mmeangukia wapi.

KichwaNgumu
Kwa hiyo tukipata data nzuri tunaingiza kwenye kompyuta, ile namba ya kupima kama matokeo ni bahati tu ikitoka chini ya 0.05 mchezo umeisha 😎

MzeeWaDodoso
Eeeh kaka hapo ndipo walipozama wengi. Ngoja nikupe samaki.

2009 Craig Bennett na wenzake walimchukua salmoni MFU, wakamuingiza kwenye mashine ya kupiga picha ubongo unavyofanya kazi, wakamuonyesha picha za watu wakaomba aseme mtu wa pichani anajisikiaje. Samaki amekufa nasisitiza. Wakachambua bila kurekebisha idadi ya vipimo, na pakatokea sehemu ndogo ya ubongo "inayofanya kazi". Samaki ana huruma! Ni hivi, picha moja ya ubongo ina maelfu ya vijisanduku, kila kimoja kinapimwa peke yake, na ukipima vitu maelfu lazima kadhaa vikubali kwa bahati tu. Waliporekebisha, samaki akarudi kuwa marehemu.

Ile 0.05 maana yake kama hakuna kitu chochote, bado mara 1 kati ya 20 utaona kama kipo. Sasa mtu anapima vitu 20, kimoja kinakubali, anaandika hichohicho, 19 anavificha droo. Mwaka 2011 Simmons, Nelson na Simonsohn walionyesha huu mchezo kwa mzaha mzito, wakachukua data za kweli za wanafunzi, wakafanya zile "hila ndogo" ambazo kila mtu anafanya, unaongeza watu kidogo, unaacha kipimo kimoja, ikatoka kwamba kusikiliza wimbo fulani kunakufanya uwe MDOGO kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Sio ujisikie mdogo, tarehe ya kuzaliwa yenyewe inasogea. 

Na 2015 ikatoka kazi ya watafiti wengi kwa pamoja, wamerudia tafiti 100 zilizochapishwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia. Za mwanzo asilimia 97 zilikuwa na matokeo ya "ndiyo kipo". Za kurudia, 36.

Mgema_Msomi
36??? Kwa hiyo tumesomeshwa hewa

MzeeWaDodoso
Sio zote hewa, kuna za kurudia zenye makosa pia, na kuna nyingi jambo lilikuwepo ila dogo kuliko lilivyotangazwa. Kumbuka lakini waliorudia ni wanasaikolojia wenyewe, wameanika nguo zao nje. Siku hizi wengi wanaandika mpango mapema na kuuweka mahali pa wazi kabla hawajaona data: nitapima hiki, kwa watu kadhaa, nitachambua hivi. Ni kama mkeka wa kubeti tu, unaandikwa kabla mpira haujaanza, ukija dakika ya 90 na mkeka wako mpya nani atakulipa?

BintiWaMaktaba
Mimi linanisumbua la nani anachunguzwa. Kila nikisoma naona "washiriki walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu" Marekani. Ndio binadamu wote?

MzeeWaDodoso
Dada hilo limeandikwa 2010 na Joseph Henrich na wenzake, kwamba kwenye majarida makubwa waliyoyaangalia asilimia 96 ya washiriki wanatoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Na sio kwenye tabia tu. Ile michoro ya mistari miwili yenye vishale, mmoja unaonekana mrefu kumbe iko sawa, wengi tuliambiwa ni macho ya binadamu yalivyo. Utafiti uliotoka 1966 uliowapima watu wa jamii mbalimbali ulikuta wakazi wa Evanston Marekani wanadanganyika sana, na Wasani, wale wawindaji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, karibu hawadanganyiki kabisa. Macho! Sasa fikiria mambo ya aibu, ndoa au pesa.

KambiRasmi
Bado nipo. Sijaelewa yote ila nipo

Mwaka_wa_Tatu
Nimerudi na mrejesho. Kichwa cha habari nimebadilisha, sapavaiza kakubali ila kasema "nani kakufundisha hayo" nikanyamaza 😂. Halafu kabla ya kugawa nikajaribu kwa watu sita, nikawaomba wajibu huku wanasema kwa sauti wanachofikiria. Swali la kwanza, "kabla ya kulala": wawili walielewa kabla ya kupanda kitandani, watatu wakaelewa wakiwa kitandani taa imezimwa, na mmoja akaniuliza kulala kwa mchana au usiku. Watu sita majibu matatu!! Na pale kwenye muda wa simu rafiki yangu kasema "lisaa limoja" kwa kujiamini, tukafungua simu, masaa manne na dakika kumi na mbili. Kagoma kuongea na mimi mpaka sasa hivi

MzeeWaDodoso
Watatu wa kitandani, mmojawapo sio huyo rafiki yako kweli? Muombe msamaha, halafu andika "ukiwa umeshapanda kitandani usiku" na ujaribu tena kwa sita wengine. Sio walewale, hao wameshajua unataka nini.